Jino Lililosingiziwa

Leo nitazungumza juu ya meno na tumbo, na nitaanza na kinywa changu mwenyewe.

Nina mapengo mawili. Yako kwenye taya la chini, kushoto na kulia, pale ambapo chonge zingekaa. Sikupigwa, sikuanguka na baiskeli, wala meno hayo hayakuoza. Hayakuota kabisa. Shuleni wenzangu waliniuliza nami sikuwa na jibu, mpaka siku moja, nikiwa na miaka kama 12, nikamuuliza mama. Alikuwa uani anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. Akasema: “Hayo ulitolewa ungali mchanga, mwanangu. Yalikuwa meno ya ugonjwa. Tumbo lilitaka kukuchukua.”

Kisa chenyewe nilikuja kukipata kidogo kidogo, miaka ikienda. Nilikuwa na miezi 7, msimu wa mvua, na nilikuwa nikiharisha siku ya nne. Macho yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea, nalia bila machozi. Akaitwa jirani mmoja, mama mtu mzima aliyeheshimiwa mtaani. Akanifungua kinywa, akapitisha kidole kwenye ufizi, akakuta vivimbe viwili vyeupe. Akasema ugonjwa ameuona. Spoku ya baiskeli ikanolewa ncha, ikapitishwa kwenye moto. Nyanya alinishika kichwa, shangazi akanishika miguu, na mama akatoka nje kwa sababu hakuweza kutazama. Alipoitwa arudi, alionyeshwa juu ya kipande cha jani la mgomba vitu viwili vidogo, vyeupe, laini kama funza. Wakamwambia: hawa ndio waliokuwa wakimla mtoto wako.

Mama akaamini. Na wewe ungekuwa yeye, ungeamini. Ugonjwa wa tumbo hauonekani, uko gizani. Mtu akikutolea kitu cheupe chenye damu, akakiweka mbele ya macho yako, utabishana naye kwa lipi? Tena baada ya siku mbili mtoto akapona, na ndiye huyu anayezungumza nanyi.

Jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Uganda huyaita meno hayo ebiino. Rwanda ni ibyinyo. Tanzania, tangu miaka ya 1980, watu wameyaita meno ya plastiki au meno ya nailoni, kana kwamba kitu cha kiwandani kimejipenyeza kwenye kinywa cha mtoto. Mwaka 1969 mtaalamu wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, alichapisha habari za chonge zilizokuwa zikitolewa kwa watoto wa Uganda. Na kwetu hapa Burundi kuna ndugu wa jambo hili, nalo ni ikirimi, kile ambacho Waswahili wengine hukiita kimeo au kilimi, kinyama kinachoning'inia mlangoni mwa koo. Mtoto akikohoa sana, akitapika, akikataa ziwa, husemwa ana ikirimi na hukatwa. Imani ni ileile: ugonjwa wa ndani una mzizi wake kinywani, kwa hiyo ukikata mzizi umeukata ugonjwa.

Sasa tutazame walichokitoa kinywani mwangu.

Mtoto huzaliwa bila jino la kuonekana, lakini ndani ya taya zake meno 20 ya utotoni yameshaanza kujengwa, kila jino ndani ya mfuko wake, kama punje za hindi changa ndani ya maganda. Ni laini kwa sababu hayajakomaa. Chonge ni jino nono na linakaa pembeni mwa taya, ndiyo maana huvimbisha ufizi mapema. Kuanzia miezi 4 au 5 unaweza kuona kivimbe cheupe, ilhali jino lenyewe litachomoza mtoto akiwa na miezi kama 16 hadi 20. Kivimbe hicho watoto wote wanacho, walio wazima na wanaoumwa. Lakini mama unayenisikia, ni nani amewahi kumfungua kinywa mtoto mzima anayecheza vizuri, akaanza kumpapasa ufizi? Anayefunguliwa kinywa ni yule anayeumwa tu, na kila anayefunguliwa anakutwa nacho. Basi jino likahukumiwa kwa sababu lilikutwa mahali pa tukio.

Chini ya chonge ya utotoni kuna mbegu ya chonge ya ukubwani, ile ambayo ingekuja mtoto akiwa na miaka kama 10. Spoku haibagui. Inachokonoa la juu na la chini pamoja. Mimi nimebaki na mapengo, na nahesabu kuwa nimepona kwa bahati. Wapo waliopata pepopunda, wapo ambao usaha uliingia kwenye damu, wapo ambao damu ilikataa kukatika. Mtoto wa kilo 6 hana hata lita moja ya damu mwilini mwake. Na chombo kilekile kikitoka kinywa hiki kwenda kile, hubeba na magonjwa mengine ambayo hayahitaji kutajwa.

Kuna swali ambalo nyanya zetu waliliuliza kwa haki kabisa, nami sitalidharau. Kama meno hayana kosa, kwa nini tumbo huchafuka wakati uleule yanapojiandaa kuota? Walichokiona kilikuwa cha kweli. Waliona kwa macho yao kwamba mtoto wa miezi 3 ni mzima, na akifika miezi 6 au 7 anaanza kuharisha, na ukimtazama ufizi, umevimba. Kosa lilikuwa katika kuunganisha.

Fikiria mambo yanayotokea mtoto akifika miezi 6. Maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena, anaanza uji. Uji una maji, una kikombe, una kijiko, una mkono wa dada yake aliyetoka kucheza nje. Kinga aliyopewa na mama yake tumboni imepungua, na yake mwenyewe bado haijakaza. Anaanza kutambaa. Ufizi unamwasha, kwa hiyo kila anachokiokota anakitia kinywani: kifuniko, kandambili, ganda la ndizi. Yote haya yanamjia karibu wakati mmoja. Na ndani kabisa kuna jambo zuri ambalo wachache hulijua. Kongosho la mtoto mchanga, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, katika miezi ya kwanza hutoa kidogo sana kimeng'enya cha kuvunja wanga. Kinaongezeka kadiri anavyokua. Meno na matumbo yanaandaliwa pamoja, kwa safari moja, ili siku chakula kigumu kitakapofika, juu kuwe na wa kusaga na chini kuwe na wa kupokea. Kwa hiyo ule ufizi uliovimba ulikuwa habari njema, nasi tukausoma kama ugonjwa.

Anayeleta kuharisha hukaa kwenye maji na kwenye mikono. Sisi watu wa Bujumbura hatuhitaji kuelezwa sana juu ya hilo. Tuna ziwa Tanganyika mlangoni, tuna mto Ntahangwa unaopita kandokando ya mtaa wa Buyenzi, na bado bomba likikauka siku tatu mama anabeba bido la njano kutafuta maji popote yalipo. Januari 2023 wizara ya afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na mji wetu ulikuwemo. Kipindupindu hakiulizi umeota meno mangapi.

Na asije mtu akasema hii ni imani ya Waafrika. Ambroise Paré, daktari mpasuaji aliyewatumikia wafalme wanne wa Ufaransa katika karne ya 16, aliitwa kumpasua mtoto wa mtu mkubwa, aliyefariki akiwa na miezi 8. Hakuona sababu ya kifo. Akachana ufizi, akakuta meno yamejipanga yako tayari kutoka, akahitimisha kwamba laiti angemchana ufizi angali hai, mtoto angepona. Tangu hapo madaktari wa Ulaya waliwachana watoto fizi kwa karne tatu na zaidi. London, katika karne ya 17, orodha za vifo za kila wiki ziliandika “meno” kama sababu ya kifo, mtoto baada ya mtoto. Waliosoma na wasiosoma waliingia mtego mmoja, kwa sababu mtoto alikufa, na jino lilikuwepo.

Basi mimi niliponaje? Nilimuuliza mama swali hilo nikiwa mtu mzima, nimeshasoma kidogo. Nikamwambia: mama, baada ya kukatwa, ulinifanya nini? Akashangaa, kana kwamba ni swali la kipuuzi. Akasema: “Nitakufanya nini tena? Nilikaa na wewe. Nilikunyonyesha usiku kucha, na shangazi yako akachemsha mchele, nikakupa maji yake na chumvi kidogo, kijiko, kijiko, mpaka alfajiri. Ukitapika, nangoja, naanza tena. Siku mbili sikulala.”

Wasikilizaji, hapo nililia. Miaka yote shukrani zilikwenda kwa aliyeshika spoku, zawadi ya kuku ikaenda kwake, na aliyeniokoa alikuwa mama yangu na kijiko chake, wala hakujua.

Nieleze kwa nini kijiko kile kiliokoa. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6, na kuta zake za ndani zina vinyweleo vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, kama zulia. Hapo ndipo chakula na maji huingia mwilini. Kuharisha kunapokuja, maji yanageuza njia, yanatoka mwilini kuingia utumboni na kwenda zake. Ukimpa mtoto maji matupu, mengi yanapita tu. Lakini sukari na chumvi vikiwa pamoja, kwa kipimo kizuri, hupitia mlango mmoja kwenye ukuta wa utumbo, na vikiingia huvuta maji nyuma yao. Mlango huo haufungwi hata na kipindupindu. Wanga wa mchele nao ukivunjwa hugeuka sukari, na ndiyo siri ya maji ya shangazi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bongaon, upande wa India, kipindupindu kikawaingilia na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwachanganyia wagonjwa chumvi na sukari kwenye madumu, akawaacha ndugu zao wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka watu karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi wasiofika 4. Waliofanya kazi ile walikuwa ndugu hao, waliokaa chini, kikombe mkononi, kama mama yangu.

Kwa hiyo chukua kalamu, au mwambie mtoto aandike. Ukipata paketi ya chumvi ya kunywa kwenye kituo cha afya au duka la dawa, fuata kipimo cha paketi. Ukiikosa: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, vya kusawazisha si vya kilima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi, chumvi nyingi inamdhuru mtoto. Mpe kidogo kidogo, na ziwa usimnyime. Kliniki watakupa na zinki, atainywa siku 10 hadi 14, hata kama ameshaacha kuharisha. Ukiona macho yameingia ndani, analala mno, hanywi, au kuna damu kwenye choo, usingoje asubuhi.

Na Mei 2006 nchi yetu iliamua kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure katika vituo vya umma. Tangu mwishoni mwa 2013 kuna pia chanjo ya rotavirusi, kirusi kinachoongoza kwa kuharisha watoto, nayo ni matone tu ya mdomoni katika miezi ya mwanzo. Bado najua umbali upo, foleni ipo, na dawa wakati mwingine haipo rafuni. Jirani mwenye spoku yuko hatua kumi. Ndiyo maana siwalaumu wanaokwenda kwake. Ninachotaka ni wawe na kijiko kabla ya kumfikia.

Ngoja niseme na hili, kwa sababu sitaki mtu adhani kila uvimbe wa taya ni wa kupuuzwa. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, pande zote mbili, meno yakilegea. Ilikuwa saratani, na leo inaitwa kwa jina lake. Inakua haraka sana, wiki kwa wiki, na inatibika kwa dawa ikiwahiwa. Kile kivimbe cheupe cha ufizi, kidogo kama punje, ni jino linakuja. Lakini uso ukivimba, au meno ya mtoto yakianza kucheza kabla ya wakati wake, hiyo ni hospitali kubwa, siku hiyohiyo.

Basi jino na tumbo havina uhusiano? Vinao, na ni mkubwa, ila si ule tuliofundishwa. Nimeuona kwa babu yangu, baba yake mama. Alipokuwa na miaka hamsini na kitu magego yake yalianza kuuma, moja baada ya jingine, na kila lililouma liling'olewa. Alianza kuacha mahindi ya kuchoma. Kisha akaacha mishikaki ya mbuzi. Kisha karanga, kisha maharage, labda yapondwe. Mwisho alibaki na bugali la muhogo na mchuzi, na samaki mlaini, mukeke wa kuchemsha akipatikana. Alikonda, akawa anafunga choo, tumbo linamjaa gesi, na watu wakasema ni tumbo la uzee. Tumbo la babu halikuwa na neno. Kinu chake ndicho kilichovunjika.

Sisi watu wa bugali tuna mazoea ya kumeza tonge bila kulitafuna, linateleza lenyewe. Kwa bugali si hatia kubwa, kongosho litamalizia. Lakini jaribu siku moja: chukua kipande cha muhogo wa kuchemsha, kitafune pole pole, usikimeze. Baada ya muda utasikia utamu. Ni mate yako yameanza kuuvunja wanga kuwa sukari, kabla haujafika kooni. Na maharage, na nyama, havisamehe kama bugali. Mwaka 1822 huko Marekani kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni, akapona, ila tundu likabaki wazi hadi ndani ya mfuko wa chakula. Daktari wake, William Beaumont, alifunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, akavipitisha kwenye tundu, akavitoa na kuvitazama saa kwa saa. Alichokiandika mwaka 1833, pamoja na mengi mengine, ni kwamba chakula kikiwa kimekatwakatwa vidogo, tumbo linakimaliza upesi zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya gego, na gego la ukubwani likitoka halina mrithi. Ganda gumu la juu la jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini likitoboka mwili haulitengenezi tena, kwa sababu chembe zilizolijenga hufa jino linapochomoza.

Hapo ndipo naumia. Mtoto tunamtoa jino zima lisilo na kosa kwa ajili ya tumbo, na mzee tunamwacha apoteze magego yote bila mtu kufikiria tumbo lake. Gego lenye tundu dogo linazibika, mtu akiwahi. Soda na peremende mtoto azipate mara moja kwa wiki, si kila jioni, maana kila akinywa, vijidudu vya kinywani vinageuza sukari kuwa tindikali, na mate yanahitaji muda kuisafisha. Na jino la kwanza likitoka tu, lipigwe mswaki.

Mwaka juzi dada yangu alimleta mwanawe kwa mama, miezi 8, anaharisha siku ya pili. Nyumba ilijaa watu. Mmoja wa majirani akamfungua mtoto kinywa, akapapasa, akamtazama mama bila kusema neno. Kila mtu alielewa. Mama akanitazama mimi, akautazama mdomo wangu. Akamchukua mjukuu wake kutoka mikononi mwa jirani, akasema asante sana dada, umekuja vizuri, kaa unywe chai. Halafu akaniagiza nikachemshe maji.

Alihesabu vijiko usiku kucha. Asubuhi tulikwenda kituo cha afya, tukapewa paketi na zinki, na siku ya nne mtoto alikuwa anavuta mkeka kutafuta kitu cha kutia kinywani. Vile vivimbe viwili vilibaki pale pale, vyeupe, kimya. Vilikaa miezi. Mama alikuwa akiosha mikono kila jioni na kuvipapasa, kama mtu anayekagua mbegu shambani. Mtoto alipokaribia mwaka mmoja na nusu, jioni moja mama alitia kidole kama kawaida yake, akapiga ukelele, akakichomoa. Ameng'atwa. Alikaa akikitazama kidole chake, kina alama ndogo ya chonge, anacheka na machozi yanamtoka.